Pumzi ya Mke wa Mwenyekiti

Silasi Masatu wa Guta alijaliwa sauti. Kabla vipaza sauti havijafika vijijini, yeye alikuwa akipanda kichuguu karibu na ghala la pamba, anaita mara moja, na watu waliokuwa wakipalilia ng'ambo ya mbuga wanaweka majembe chini kumsikiliza. Mwaka wa Uhuru, TANU ilipotaka mtu wa kutangaza mikutano kuanzia Guta mpaka Kabasa, hakuna aliyeuliza achaguliwe nani.

Kazi yake ya kila siku ilikuwa kwenye mizani. Chama cha ushirika kilimwajiri kupima pamba ya wakulima, na ni pale alipomwona Wegesa, msichana wa upande wa Butiama aliyekuja kwa shangazi yake kusaidia mavuno. Alikuwa amejaa mwili, mweusi wa kung'aa, na akicheka alicheka mpaka mabega. Mama yake Silasi alipopelekewa habari alifurahi. Alisema mwanawe ameleta mwanamke, hakuleta fito. Ng'ombe wakatoka, Wegesa akabatizwa Justina, jina ambalo hakuna aliyelitumia isipokuwa padri, na wakafunga ndoa.

Mwili ulianza kuongezeka baada ya kuzaliwa Dorotea, mtoto wao wa kwanza na wa pekee aliyeishi, na haukusimama tena. Si kwamba alikula kuliko wengine. Mama yake na shangazi zake walikuwa hivyo hivyo, na kwao hakuna aliyeona ni ajabu. Kwanza Wegesa aliacha kwenda ziwani kuteka maji. Kisha akaacha kulala chali, halafu akaacha kulala kabisa kama watu wanavyolala. Alikuwa anaketi kitandani, mgongo ukutani, gunia lililojazwa pamba limeegemezwa kiunoni. Alikoroma mpaka majirani wakasema kwa Silasi kuna kinu cha kuchambulia pamba. Katikati ya mkoromo sauti ilikatika, kukawa kimya kirefu, halafu akashtuka na kuhema kama mtu aliyeibuka majini. Silasi alihamishia kitanda chake kwenye chumba cha mbegu ili apate usingizi. Kile kimya kilikuwa cha nini, hakuwahi kuuliza.

Mchana Wegesa alisinzia. Alisinzia akichagua pamba, alisinzia akisonga ugali, na siku moja mkono wake uliangukia mafiga ukaungua. Maneno yake nayo yakawa mafupi. Alikuwa anasema mawili matatu, anasimama kuvuta pumzi, ndipo aendelee. Silasi, ambaye hakuwahi kupungukiwa pumzi hata siku moja, hakuwa na subira ya kungoja. Alimmalizia. Wegesa akianza kusema leo amekwenda, yeye alidakia kwamba amekwenda kwa jirani yao Mbuke, anajua. Na hata kama hakwenda kwa Mbuke, Wegesa aliona afadhali akubali kuliko kutafuta pumzi ya kukataa. Hivyo ndivyo mke alivyojulikana kijijini kuwa mtu asiye na maneno.

Operesheni ya vijiji ilipokuja, mwaka wa sabini na nne, watu waliokuwa wametawanyika mbugani walihamishiwa kwenye viwanja vilivyopimwa kwa kamba. Silasi alichaguliwa mwenyekiti wa kamati ya kazi. Ndiye aliyepanga zamu za shamba la bega kwa bega, na ndiye aliyepiga mayowe ya alfajiri kuwaamsha watu. Aliiamini kazi ile. Alikuwa amewaona wafanyabiashara wakiwapunja baba zake kwenye pamba, na neno unyonyaji kwake halikuwa la kuimba mkutanoni tu.

Mvua za mwaka ule ziligoma. Njaa ikabisha hodi, na pamoja na njaa, macho ya watu yakawa makali. Katibu wa TANU wa kata, Enoka, mtu mwembamba mwenye adabu nyingi, alimvuta Silasi pembeni akamwambia kwa upole kwamba kuna maneno yanazunguka. Watu wanasema mwenyekiti anawasukuma wake zao waende shambani huku wa kwake anakaa kivulini ananenepa. Enoka alisema yeye haamini, lakini hali yenyewe ndugu mwenyekiti anaiona.

Mkutano wa wiki ile ulifanyika kwenye kiwanja cha shule. Silasi alipofika kwenye habari ya wazembe, alitoa sauti yake yote. Alisema kupe ni kupe hata akiwa kwenye ngozi ya ng'ombe wako mwenyewe. Alisema asiyefanya kazi na asile, na kwamba sheria hiyo anaianzia nyumbani kwake, kwa mke wake Wegesa, ili asiwepo wa kusema kuna upendeleo. Wanaume walipiga makofi. Baadhi ya wanawake walitazama chini.

Wegesa alikuwa ameketi nyuma kabisa, kwa kuwa ndiye aliyefika wa mwisho. Aliinua mkono. Ilimchukua muda kusimama, na kijiji kizima kikangoja huku akishika bega la Mbuke.

"Mimi sikatai," alisema. Akavuta pumzi. "Ila naomba…" Akavuta tena, na kifua kikapanda na kushuka bila neno kutoka.

"Kaa chini, Mama Dorotea," Silasi alimwambia kutoka mbele. "Maneno hayalimi."

Watu walicheka. Wegesa akakaa.

Unga wa mahindi ya njano ulipoletwa na serikali, ule ambao watu waliuita Yanga, Silasi aligawa mgao wa nyumba yake mbele ya macho ya wote bila fungu la mke. Nyumbani alimwita Dorotea, ambaye wakati huo alikuwa msichana wa kuvunja ungo, akamwagiza kwamba mama yake apakuliwe nusu. Nusu ya kile walichokula wao, nacho kilikuwa kidogo. Dorotea alimtazama mama yake. Mama aliitikia kwa kichwa kumwambia atii.

Miezi ikapita na Wegesa hakupungua. Miguu ilivimba ikang'aa, midomo ikaingia rangi kama ya zambarau mbivu. Silasi aliona jambo moja tu, kwamba anakula kwa siri. Siku moja Wegesa alipokwenda kanisani, Silasi aliingia jikoni akapekua. Alifunua vyungu, akatia mkono kwenye kapu la dagaa, akainua mkeka, akachungulia hata kwenye majivu. Hakupata kitu. Badala ya kujiuliza, alisema moyoni kwamba mwanamke huyu ni hodari wa kuficha. Baadaye, katika mambo yote aliyoyafanya mwaka ule, hilo la kupekua majivu ndilo lililokuwa likimrudia akiwa peke yake, ingawa hakuna mtu aliyeliona.

Siku Wegesa alipokwenda shambani hakuaga mtu. Mbuke alimkuta kwenye njia akitembea na jembe, hatua chache, anasimama, hatua chache, anasimama. Alimsihi arudi. Wegesa alionyesha shamba kwa kidole, akaendelea. Alilima tuta moja lisilofika mwisho, akainama kama anayetafuta kitu kwenye majani, akaanguka. Wanawake wanane walimbeba juu ya mlango wa ghala. Silasi aliona msafara ule ukija kwa mbali akadhani ni maiti, na Mungu ndiye anayejua kwamba kitu cha kwanza kilichomjia moyoni hakikuwa huzuni. Kilikuwa hofu ya watu watasemaje.

Landrova ya kinu cha pamba iliwafikisha Musoma. Hospitali walimketisha Wegesa, wakamwekea hewa ya mtungi puani, na polepole midomo ikaanza kurudi rangi yake. Daktari aliyemhudumia, Pastory kwa jina, alimwita Silasi kando ya kitanda akamweleza taratibu. Mafuta ya tumboni yanasukuma mapafu juu yasipate pa kutanukia, na ya kifuani yanalemea mbavu. Kila pumzi mama huyu anaivuta kama mtu anayenyanyua gunia, na usiku, anapolegea, koo linajifunga. Kile kimya cha katikati ya mkoromo ni pumzi iliyokatika. Hajalala usingizi wa kweli kwa miaka, ndiyo maana mchana anaanguka popote. Na moyo nao umechoka, ndiyo maana miguu inavimba. Uvimbe ule ni maji.

Mwisho daktari alivuta kope la chini la Wegesa, akamwonyesha ndani yake palivyokosa wekundu.

"Jambo jingine. Damu yake ni haba kama ya mtu aliyeshinda njaa muda mrefu. Kwenu kuna njaa, mzee?"

Wegesa alikuwa macho. Alikuwa anamtazama mumewe juu ya mpira wa hewa.

"Ndiyo, daktari," alisema Silasi. "Kwetu kuna njaa."

Daktari aliandika, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Wegesa aligeuza uso dirishani.

Hakuna dawa ya Musoma iliyoweza kuuondoa uzito ule, lakini daktari Pastory alisema Mwanza kuna mpasuaji mmoja, Mholanzi, anayejua upasuaji mpya. Haukati mafuta, unafupisha njia ya utumbo ili chakula kipite haraka na mwili uambulie kidogo. Alikuwa ameufanya kwao mara kadhaa. Katika barua aliyowapa aliacha nafasi ya uzito ijazwe, kwa kuwa mizani ya hospitali iligota mwisho. Basi Silasi, walipopita Guta kuchukua nguo, alimpeleka mkewe kwenye ghala la pamba baada ya wafanyakazi kuondoka. Alifagia sahani ya mizani kwa fulana yake. Wegesa alipanda akishika ukuta, akasimama pale pale yaliposimama magunia. Silasi alisogeza jiwe la mizani kama alivyolisogeza maisha yake yote, na kwa mara ya kwanza katika kazi ile hakuweza kuitamka namba. Alikuwa mtu wa kuita uzito kwa sauti mpaka nje. Wegesa alimwuliza ni ngapi. Alimwambia kwa kunong'ona, na mke akasema kumbe.

Mwanza, yule Mholanzi aliwaambia wazi kwamba kisu si tatizo, tatizo ni pumzi. Mtu mwenye kifua kama hicho akilazwa kwa dawa ya usingizi anaweza asiamke, na akiamka anaweza kushindwa kukohoa, mapafu yakajaa. Walimpa chupa mbili zilizounganishwa kwa mpira, moja ina maji. Kazi yake ilikuwa kupuliza mpaka maji yahamie chupa ya pili. Mwanzoni hayakusogea. Silasi alikaa kando ya kitanda akimtazama mkewe akipuliza, jasho likimtiririka, na maji yakipanda kidogo kwenye mpira na kurudi. Alitamani ampulizie. Ilipofika siku ambayo chupa moja ilijaa, mpasuaji aliuliza kama yuko tayari.

Silasi alifungua mdomo kujibu. Wegesa alimwekea mkono kwenye goti.

"Anikate," alisema.

Aliamka. Alipata homa, alipata kuhara kusikoisha, nywele za mbele zikanyonyoka, na kwa muda Silasi aliamini amemuua kwa njia nyingine. Lakini wiki zilivyokwenda miguu ilinywea, akaweza kulala ameegemea mito miwili, kisha mmoja. Asubuhi moja Silasi alimkuta kwenye ujia wa wodi akitembea na muuguzi. Alikuwa anatembea na huku anasimulia habari za mbuzi wao waliowahi kuliwa na fisi, sentensi baada ya sentensi, bila kusimama. Silasi alijificha nyuma ya nguzo. Hakuwa anajua kwamba mke wake ni msimuliaji.

Walirudi Guta baada ya mavuno. Wegesa alikuwa hajawa mwembamba, ila alikuwa mtu mwingine, na mwili uliendelea kushuka mwaka ule wote. Mkoromo ulikwisha. Silasi alikuwa amerudi kulala chumba kimoja na mkewe, na ule utulivu ulimwamsha mara nyingi kuliko kelele za zamani. Ilimbidi aweke kiganja mbele ya pua ya mkewe ahakikishe hewa inatoka. Alikuwa anafanya sasa kile alichopaswa kufanya miaka kumi nyuma, wakati kilipokuwa na maana.

Dorotea alimpakulia mama yake sahani za kufurika. Kila mara nusu ilirudi, kwa sababu Wegesa akila sana tumbo lilimwendesha siku nzima. Baba na binti walikuwa wanaitazama ile nusu iliyobaki bila kutazamana.

Wegesa alipoanza kulima na kumaliza tuta sawa na wengine, kijiji kilishangilia, na sifa zote akapewa Silasi. Walisema mwenyekiti ni chuma, amemnyoosha mkewe mpaka amekuwa mtu. Wanaume walimshika mkono njiani. Kilabuni ukatungwa utani kwamba mwenyekiti hakusema bure, amempeleka mkewe Mwanza akakatwe mirija, kama vile chama kilivyokata ya mabepari. Silasi alicheka nao mara ya kwanza kwa sababu hakujua afanye nini na uso wake. Mara ya pili aliondoka, wakasema ni unyenyekevu.

Kisha Enoka akaja na habari kwamba wageni wa wilaya watatembelea kijiji, na angependa ndugu mwenyekiti asimame na mkewe awaeleze jinsi uvivu unavyoweza kutibiwa kwa msimamo. Silasi alisema atafikiri.

Siku chache kabla ya ugeni huo walikwenda Kabasa kununua chumvi na vitambaa. Kurudi walitembea kwa miguu, kwa kuwa Wegesa alipenda kutembea. Alikuwa anaongea, na Silasi aliitikia. Walipoliacha soko nyuma, Wegesa alibadili habari bila kubadili sauti.

"Siku ile ya mkutano ulinikatiza. Unajua nilitakaga kusema nini?"

Silasi alisema hajui.

"Nilitakaga kuomba nipewe kazi ya kukaa. Nilee watoto wa wanaolima, au nichague pamba. Mbuke na wenzake walikuwaga wameshakubali, maana watoto walikuwa wanaachwa kwenye jua. Nilipanga yale maneno siku tatu, Baba Dorotea. Nilikuwa nayapunguza, napunguza, ili pumzi itoshe. Yalikuwa yamebaki machache tu."

Silasi alisimama. Alianza kusema anaomba msamaha, lakini Wegesa hakusimama naye, ilimbidi amfuate.

"Usiniombe msamaha hapa njiani," mkewe alisema. "Hukunitukania njiani."

Wageni walikuja. Silasi alisimama mbele ya kiwanja cha shule na ile sauti, ambayo haikuwahi kumwacha, ikatoka nyembamba mpaka waliokaa nyuma wakaomba arudie. Alisema mke wake hakuwa mvivu. Alikuwa mgonjwa wa pumzi, madaktari wamethibitisha. Hakuponywa na msimamo wa mtu, aliponywa na hospitali, na yeye mwenyekiti alimwita kupe kwa ujinga wake mbele ya watu hawa hawa, na mbele yao anamwomba radhi. Enoka alikuwa anakunja na kukunjua kofia yake. Mgeni mmoja alipiga makofi mawili, akaacha.

Yalikuwa yamebaki ya chakula. Silasi alijua yamebaki. Aliwaona watu wakingoja, akamwona Wegesa safari hii ameketi safu ya mbele, na Dorotea pembeni yake ameinamisha kichwa. Kisha akasema ni hayo tu, akaketi.

Njiani kurudi nyumbani Wegesa alimwambia ahsante. Hakusema zaidi, na Silasi alijua kwamba ahsante ile ilikuwa ya yale aliyoyasema, si ya yale aliyoyabakiza.

Uchaguzi uliofuata hakugombea. Watu wengine walisema amerogwa na mkewe, kwamba mwanamke akipata pumzi mume anaipoteza. Alibaki na mizani yake mpaka vyama vya ushirika vilipovunjwa, halafu akalima. Wegesa, kwa kushirikiana na Mbuke, alianzisha banda la watoto wa wanaolima, na zaidi ya yote aliimba kwaya, ijapokuwa sauti yenyewe haikuwa nzuri sana.

Upasuaji ule ulidai malipo yake. Mifupa ilimuuma, alipata mawe kwenye figo yaliyomlaza kwa siku nyingi, na ngozi ya mikono ilining'inia akaona haya kuvaa mikono mifupi. Yule Mholanzi alikuwa ameshakwenda kwao. Daktari mwingine wa Musoma alimwambia utumbo unaweza kurudishwa ulivyokuwa, maumivu yapungue, ila uzito huenda ukarudi na pumzi ikabanwa tena. Alijibu kwamba atabaki na maumivu, maana haya angalau anaweza kuyalalamikia.

Dorotea aliolewa Musoma, upande wa Buhare, na fundi wa mitumbwi. Alipojifungua, Silasi alikwenda peke yake kumtazama mjukuu, na jioni, mume wa binti alipokwenda ziwani, alimwambia lile lililomkaa moyoni. Alisema ile habari ya kupakua nusu isimsumbue kamwe. Yeye alikuwa mtoto tu, amri ilikuwa ya baba, na dhambi ni ya baba.

Dorotea alikuwa ananyonyesha.

"Sikuwa mdogo hivyo, baba. Siku nyingine nilimpakulia chini ya nusu, na iliyozidi nikala mimi. Nilikuwa na njaa. Mama aliniona. Hakuwahi kusema."

Alikuwa amekuja kumtua binti yake mzigo, akakuta ni mkubwa kuliko alivyoujua, na aliyemtwisha ni yeye. Aliomba apewe mtoto ampakate. Dorotea alimpa, akainuka kwenda kuangalia samaki jikoni, na Silasi akabaki amekaa na mjukuu mapajani, kiganja chake juu ya kile kifua kidogo kilichokuwa kikipanda na kushuka.